Wakati gani wa mwaka uende Unguja, Pemba au Mafia

Ukiuliza mwezi mzuri wa kwenda visiwani, jibu utakalopewa karibu kila mahali ni hili: Juni hadi Oktoba, maana hakuna mvua. Si jibu la uongo, ila linaifaa Serengeti kuliko bahari. Bara, ukavu unatosha kukuamulia safari: nyasi fupi, wanyama wamekusanyika kwenye maji, barabara zinapitika. Visiwani, ukavu ni jambo moja na utulivu wa bahari ni jambo jingine, na kwa sehemu kubwa ya Juni, Julai na Agosti mambo hayo mawili hupingana. Mbingu iko wazi, nguo zinakauka upesi, na wakati huohuo upepo wa kusi unaupiga mwambao wa mashariki tangu asubuhi hadi jioni. Mtu aliyekuja kuogelea na watoto anaiona bahari yenye povu na anadhani amepata siku mbaya. Siku yake si mbaya hata kidogo. Huo ndio msimu wenyewe, na wachezaji wa tiara, wale wanaovutwa na upepo juu ya maji, wamesafiri maelfu ya kilomita kuufuata.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mwezi, amua kwanza unakwenda kufanya nini. Ukishajua hilo, uliza upepo utakuwa unatoka wapi, maana ndio utakaokuambia ulale upande gani wa kisiwa. Halafu tazama mvua. Mwisho kabisa tazama mwezi wa angani, kwa sababu ndio unaochagua tarehe. Wengi huanza na tarehe, ndiyo maana hujikuta ufukweni saa ambayo bahari haipo.

Upepo: kaskazi na kusi

Mwaka wa Bahari ya Hindi magharibi umegawanyika kati ya pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba, na mara nyingine huburuta hadi Oktoba. Katikati ya hizo kuna wiki za tanga mbili, upepo unapopungua nguvu na kubadilika mwelekeo.

Chanzo chake ni bara la Asia. Katikati ya mwaka bara lile hupata joto kali, hewa yake hupanda, na hewa iliyoko juu ya bahari ya kusini huvutwa kuelekea kaskazini kuijazia nafasi. Mwisho wa mwaka Asia hupoa, hewa nzito hushuka na kumiminika kuelekea kwetu. Mabaharia wa Oman, Ghuba ya Uajemi na India walijenga biashara nzima juu ya mpangilio huu: walikuja na kaskazi, wakarudi na kusi, na aliyekawia alilazimika kusubiri hadi upepo ugeuke.

Pepo hizi mbili hazilingani. Kusi ina nguvu zaidi, haikatikikatiki, na imetoka kwenye bahari ya baridi. Ndiyo maana Julai na Agosti maji hushuka hadi nyuzi 25 au 26 za Selsiasi na usiku unahitaji shuka. Kaskazi ni nyepesi zaidi na ya joto. Februari na Machi maji hufika nyuzi 29 au 30, joto la mchana hupanda hadi karibu 33, na usiku mtu asiye na feni hulala kwa shida. Kaskazi nayo huwa na siku zake za nguvu, hasa mchana wa Januari, lakini mara nyingi asubuhi zake ni shwari.

Sasa upande. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana watu huchagua hoteli kwa picha, na picha haikuambii ilipigwa mwezi gani. Wakati wa kusi, fukwe za Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu hupokea upepo usoni. Kendwa, upande wa magharibi wa Nungwi, Mangapwani na Mji Mkongwe hukingwa na kisiwa chenyewe. Hata kwenye rasi ya Michamvi, upande wa mashariki unaweza kuwa na mawimbi huku upande wa Kae, unaotazama Ghuba ya Chwaka, maji yametulia, na kati ya pande hizo mbili ni mwendo mfupi kwa gari. Ghuba ya Menai, inakoanzia misafara mingi ya boti kutoka Fumba, imefunguka kuelekea kusini, kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa iko magharibi basi imekingwa. Kizimkazi pia, kwenye ncha ya kusini, hupigwa.

Wakati wa kaskazi hali hugeuka. Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa na upande wa mashariki wa Nungwi ndio hupata upepo.

Kuna jambo jingine kuhusu mwambao wa mashariki ambalo huwashangaza wageni. Mbele ya ufuko kuna mwamba wa matumbawe uliokaa kilomita moja au zaidi kutoka mchangani, na mawimbi makubwa huvunjikia huko. Maji yakiwa yamepwa, bwawa lililo kati ya mwamba na ufuko hutulia hata kusi ikivuma kwa nguvu, ingawa huwa na kina kifupi. Maji yakijaa, mawimbi hupita juu ya mwamba na kufika ufukweni. Ufuko mmoja, siku moja, unaweza kuwa tulivu saa 4 asubuhi na kuchafuka saa 9 alasiri bila upepo kubadilika hata kidogo.

Pemba na Mafia zina kanuni hiyohiyo. Kisiwa cha Misali kiko magharibi ya Pemba, kwa hiyo kusi ikivuma bado kuna mahali pa kuzamia. Mafia, Ghuba ya Chole imezungukwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Ndani ya ghuba unaweza kuingia majini karibu mwaka mzima, lakini kutoka nje kupitia mlango wa Kinasi ni kazi ya miezi ya kaskazi na tanga mbili. Anayekwenda Mafia Juni kwa ajili ya miamba ya nje huenda akamaliza wiki nzima ndani ya ghuba.

Na kama ni lazima upande boti katika miezi ya kusi, toka mapema. Upepo huongezeka jua linapopanda. Safari inayoondoka saa 12 au saa 1 asubuhi na kurudi kabla ya saa 6 mchana ni safari tofauti kabisa na ile inayoondoka saa 4.

Mvua: masika, vuli, na miaka inayovunja kanuni

Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini hapo mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, likielekea kaskazini, na tena karibu tarehe 8 Oktoba, likirudi kusini. Mkanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Ukijua hilo, kalenda ya mvua inajieleza yenyewe: masika ya Machi hadi Mei, kilele chake Aprili, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kilele chake Novemba.

Masika na vuli hazifanani kwa uzito. Unguja hupata takriban milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na Aprili peke yake huweza kuleta zaidi ya 300, wakati Agosti kwa kawaida huwa na 40 au 50 tu. Pemba na Mafia hunyeshewa zaidi ya Unguja. Ndani ya Unguja kwenyewe, magharibi kwenye udongo mzito wa mashamba ya viungo hupata mvua nyingi kuliko mashariki kwenye ardhi ya mawe. Novemba unaweza kuondoka Mji Mkongwe kunanyesha ukafika Jambiani ukakuta mchanga mkavu.

Mvua ya vuli mara nyingi ni ya saa moja au mbili, kisha jua linatoka. Kuiogopa vuli kama masika ni kujinyima wiki nzuri bila sababu. Masika ni habari nyingine. Mawingu yanaweza kukaa siku tatu mfululizo, barabara za ndani za vijiji hujaa maji, mto unaotiririka kuingia ufukweni huchafua bahari, na boti za mizunguko hufutwa. Baadhi ya hoteli, hasa Mafia na zile za pembezoni, hufunga kabisa Aprili na Mei. Zinazobaki wazi hushusha bei sana. Kwa mtu anayekwenda kutembea Mji Mkongwe, kuonja chakula, kuwaona kima punju wa Jozani, au kukaa kimya na kuandika, Mei ya mwishoni ni wakati mzuri kuliko unavyosifiwa: mvua imepungua, majani ni mabichi, na hakuna foleni popote. Kwa mtu anayekwenda kuzamia, asipoteze nauli yake.

Vuli ndiyo inayobadilika zaidi mwaka hadi mwaka, na sababu iko baharini. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua ya vuli huongezeka mno. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Joto likihamia upande wa pili, vuli hukauka. Hali ya El Niño mara nyingi huja pamoja na vuli nzito. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa msimu kabla ya kila mvua: wa masika mnamo Februari, wa vuli mwishoni mwa Agosti. Anayepanga safari ya Novemba na bado hajalipa, asubiri utabiri wa Agosti kwanza. Hakuna kalenda ya jumla iliyochapwa kwenye tovuti yoyote inayoweza kukupa habari hiyo.

Maji kujaa na kupwa: kinachosahaulika

Tukifika hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kosa la mwezi hurekebishika kwa kuhamia upande wa pili wa kisiwa, lakini kosa la maji hukufuata kila siku ya safari yako.

Pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Tofauti kati ya kujaa na kupwa si ndogo. Siku za bamvua, zinazokuja baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hupungua hadi karibu mita 1.

Kwenye pwani ya mteremko mkali hilo lisingekuwa na maana kubwa. Kwenye mwambao wa mashariki wa Unguja, ambako sakafu ya bwawa ni karibu tambarare, mita 3 za kushuka ni zaidi ya kilomita ya mchanga mtupu. Simama Jambiani saa 4 asubuhi siku ya bamvua: mashua zimelala ubavu, akina mama wanavuka na viroba kwenda kwenye mashamba ya mwani ambayo jana jioni yalikuwa chini ya maji, na bahari ni mstari mweupe kule kwenye mwamba. Kuogelea hakuna. Kazi ya mwani hupangwa kwa siku hizi hasa, kwa hiyo kama unataka kuiona na kuielewa, ndiyo tarehe yako. Kama ulitaka kuogelea baada ya kifungua kinywa, umekosea wiki.

Kinachorahisisha kupanga ni kwamba kwenye pwani hii saa za maji zimefungamana na umri wa mwezi. Siku za bamvua maji hupwa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi, na hujaa karibu saa 10 hadi 11, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa kati ya saa 4 na saa 5 na ushei asubuhi, na hupwa saa 10 au 11 jioni. Haijalishi ni Januari au Agosti. Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu anaweza kuhesabu bila jedwali: tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ni bamvua, tarehe 8 hadi 11 na 22 hadi 25 ni maji mafu, ikizidi au kupungua siku moja.

Chukua Oktoba 2026. Mwezi mpya ni tarehe 10, nusu ya kwanza ni tarehe 18, mwezi mpevu ni tarehe 26. Familia inayotaka kuogelea Paje au Bwejuu mchana ichukue tarehe 18 hadi 22: maji yatajaa karibu saa 5 asubuhi siku ya kwanza, kisha saa 6 na ushei, hadi karibu saa 8 mchana siku ya mwisho. Anayetaka kutembea hadi kwenye mwamba na kuona viumbe wa mashimoni achukue tarehe 26 hadi 29, asubuhi. Huyo naye hatakosa kuogelea, ila angoje alasiri, kuanzia saa 8 hadi magharibi. Jedwali rasmi la maji litakupa dakika kamili. Hesabu hii ni ya kuchagulia tarehe kabla hujaweka nafasi.

Hesabu hiyohiyo inahusu mafungu ya mchanga. Fungu la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, karibu lote humezwa maji yakijaa. Ukikodi boti siku ya bamvua saa 9 alasiri, utaambiwa mmefika na utatazama maji. Muulize nahodha swali moja tu kabla ya kulipa: "Leo maji yanapwa saa ngapi?" Nahodha wa kweli hujibu papo hapo. Anayesema saa yoyote ni sawa, mwache.

Wanaozamia wana sababu yao ya kuangalia mwezi. Siku za bamvua maji mengi hupita kwenye milango ya miamba kwa muda uleule, kwa hiyo mikondo huwa mikali. Kinasi ya Mafia ni mfano mzuri. Mzamiaji mgeni atafurahia maji mafu, na atakuwa na maji angavu zaidi, maana mchanga hautibuliwi.

Kutembea kwenda mwambani kuna hatari yake, na inatokana na jinsi maji yanavyorudi. Hayarudi kwa mwendo mmoja. Tuseme tofauti ya siku hiyo ni mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda takriban sentimita 30, saa ya pili 60, saa ya tatu 90, saa ya nne tena 90, kisha 60, kisha 30. Mtu aliye mwambani anaona saa ya kwanza haina tatizo, anaendelea kupiga picha, na ghafla mfereji alioupita kwa magoti unamfika kifuani. Mara nyingi mifereji yenye kina iko karibu na ufuko kuliko mwamba, hivyo maji humzunguka kwa nyuma kabla hajayaona mbele. Nenda wakati maji bado yanashuka, na geuza mara yanapofika mwisho wa kupwa. Vaa viatu vya mpira vyenye soli, kwa sababu mashimo ya mawe yana viumbe wa miiba mirefu myeusi.

Papa potwe, nyangumi na kasa

Kama mnyama ndiye sababu ya safari, yeye ndiye anayechagua mwezi na vingine vyote vinafuata.

Papa potwe huonekana mbele ya Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Hufuata uduvi na dagaa wanaojikusanya karibu na pwani ya magharibi. Vifaa vya kufuatilia vilivyowekwa kwa baadhi yao vimeonyesha kwamba wengi hawahami mbali miezi mingine. Hukaa kwenye maji ya nje yenye kina ambako boti haziwaoni. Bora utenge asubuhi 2 au 3, maana hata katikati ya msimu kuna siku hawaji juu. Pwani ya Kilindoni imekingwa dhidi ya kusi, lakini Oktoba ni afadhali kuliko Septemba.

Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya Antaktiki na kupita visiwani kati ya Julai na Septemba, wengine hadi Oktoba. Huo ni msimu wa kusi, hivyo kuwaona kunahitaji boti imara na tumbo lisilochafuka haraka. Kasa wa kijani huanguliwa kwenye fukwe za Juani, Mafia, zaidi kati ya Juni na Septemba. Mayai hukaa mchangani takriban siku 55 hadi 60, kwa hiyo wahifadhi huweza kukadiria tarehe ya kila kiota. Piga simu kabla.

Kwa wazamiaji, miezi ya maji angavu ni Oktoba hadi Machi, ambapo Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini-mashariki ya Unguja, na Misali mtu huona mita 20 hadi 30 mbele yake majini katika siku nzuri. Wiki za mvua kubwa ya vuli hupunguza hilo kwa siku chache, si zaidi.

Watu

Bei na msongamano hufuata likizo za Ulaya: Julai na Agosti, kisha kuanzia tarehe 20 Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari. Kwa msafiri wa Tanzania ongeza likizo za shule za Juni na Desemba, sikukuu za Idi, na Mapinduzi tarehe 12 Januari, wakati boti za Dar es Salaam hujaa siku kadhaa kabla. Tamasha la Sauti za Busara huujaza Mji Mkongwe mwezi Februari, na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa kienyeji, huwaita watu Makunduchi katika nusu ya pili ya Julai.

Ramadhani inahitaji uamuzi wa makusudi. Husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 itaanza karibu tarehe 8 Februari, mwaka 2028 karibu tarehe 28 Januari, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine kuanzia mwisho wa Desemba. Kwa miaka hii basi Ramadhani inaangukia ndani ya msimu mtulivu wa kaskazi. Migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji heshima. Kwa upande mwingine, jioni za futari mjini hazina mfano, na hoteli za fukweni huendelea na kazi kama kawaida. Asiyefunga na anayetaka mji ulio wazi mchana aepuke. Mwenye kufunga anaweza kuiona kuwa ndiyo safari bora kuliko zote.

Tarehe ambazo tungechagua

Kwa mtu mwenye mahitaji ya kawaida, yaani kuogelea, siku moja ya boti, siku moja ya mji, na bei isiyoumiza, chaguo letu ni wiki ya tatu ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Kusi imelegea, vuli haijakaza, wageni wa Agosti wameondoka, na maji yameanza kupata joto. Chaguo la pili ni katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari, baada ya Mapinduzi: bahari bora ya mwaka, lakini joto kali na bei za juu zaidi. Juni inawafaa wasiopenda joto, mradi walale magharibi au kaskazini-magharibi. Wachezaji wa tiara waende Paje, Juni hadi Septemba kwa upepo wa uhakika, au Desemba hadi Februari kwa upepo mwepesi na maji ya moto. Machi tunaiona kuwa kamari: nusu ya kwanza mara nyingi ni nzuri sana, nusu ya pili masika inaweza kuanza siku yoyote.

Vimbunga si sababu ya kuogopa. Kimbunga kinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia, ambao karibu na ikweta hautoshi, na visiwa vyetu viko pembezoni mwa mkanda huo. Lakini kutokea hutokea. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikiponea, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia. Vyote viwili viliangukia ndani ya masika.

Hatari ya kila mwaka ni upepo mkali wa kusi kwenye njia za boti: Dar es Salaam hadi Unguja, Unguja hadi Mkoani, Pemba, kupitia mkondo wa Nungwi, na Nyamisati, bara, hadi Kilindoni. Meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 katika bahari iliyochafuka. TMA hutoa tahadhari za upepo na mawimbi kwa siku tano mbele. Zisome kabla ya kukata tiketi, na boti ikizuiwa kuondoka usimbembeleze mtu akuvushe kwa chombo kidogo. Kati ya Juni na Agosti, ukiwa na ndege ya kimataifa kutoka Dar es Salaam, vuka siku moja kabla. Kwa Mafia na Pemba, acha siku mbili.